Usitukane Wapishi na Njaa Ingalipo

Ndugu wasomaji, juma hili hatuandiki habari za mikutano, wala habari za wakubwa waliopanda na kushuka ndege. Twaandika habari za sahani ya wali na maharage. Huenda mmoja wenu akasema, "Leo gazeti la chama limekosa la kuandika." Twamwomba asubiri mpaka mwisho, maana katika sahani hiyo mna swali kubwa. Swali lenyewe ni hili: mtu anayeulisha mji, je, ana mahali katika mji huo, au yeye ni mpita njia tu, awezaye kufukuzwa saa yoyote?

Kila siku ya kazi, ifikapo saa saba mchana, sisi tunaoandika gazeti hili hufunga daftari zetu, tukavuka barabara, tukaingia kichochoro kimoja kilicho nyuma ya Kariakoo, Dar es Salaam, kwenda kula kwa mama mmoja. Jina lake hatulitaji, kwani hakutuomba kumwandika gazetini. Jiko lake lote huja asubuhi juu ya mkokoteni: masufuria, majiko mawili ya mkaa, dumu za maji, sahani ndani ya beseni, na mabenchi mawili yamefungwa kwa kamba juu ya vyote. Vitu vikishushwa, mkokoteni wenyewe huwekewa mawe chini ya magurudumu, ukatandikwa ubao na kitambaa cha plastiki, ukawa meza. Jioni kitambaa hukunjwa, meza ikawa mkokoteni tena, na jiko likarudi nyumbani. Kwa hiyo mama huyu huihamisha hoteli yake mara mbili kila siku, naye hajawahi kuomba sifa kwa kazi hiyo.

Njooni mtazame ni nani wanaokaa kwenye mabenchi yale mawili. Yuko kuli, gunia lake tupu amelikunja begani. Yuko fundi cherehani mwenye futi shingoni. Yuko kijana wa bodaboda, kofia yake ngumu ameiweka mapajani kama mtoto. Yuko karani, tai yake ameirushia begani isichovye mchuzi. Yuko bibi aliyetoka kumtazama mgonjwa hospitali, na pembeni askari aliyevua kofia ili aonekane mtu kama wengine. Kila anayefika husema, "Shikamoo, mama," naye hujibu, "Marahaba, wanangu, karibuni. Wali upo, ugali upo, samaki wapo, nyama imekwisha." Juzi kuli mmoja alisema, "Mama, nitilie ugali wa kazi, usinitilie ugali wa ofisi!" Benchi zima likacheka, na karani mwenye tai akacheka kuliko wote. Mama akamtilia kuli ugali wa kazi, na bei ikawa ile ile.

Katika nchi yetu kuna mahali pachache ambapo kuli na karani hugusana mabega bila mmoja kumwita mwenzake mheshimiwa. Msikiti ni mahali pamoja, kanisa ni mahali pamoja, na benchi la mama ntilie ni mahali pa tatu. Benchi hilo halina daraja la kwanza wala la tatu.

Tazameni hata jina lenyewe. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga. Watu walikuwa wakimwambia mpishi, "Mama, nitilie wali, mama, nitilie na mchuzi," mpaka maneno hayo yakawa ndiyo jina lake: mama nitilie, na kwa ulimi wa mjini, mama ntilie. Ni maneno ya mtoto kwa mama yake. Siku hizi wengine humwita mama lishe, na mwanamume afanyaye kazi hiyo huitwa baba lishe, nayo ni majina ya heshima. Lakini lile la kwanza lina siri yake. Mtu mzima mwenye ndevu, aliyetoka Songea au Tabora, asiye na ndugu hata mmoja mjini, kila mchana hukaa mbele ya mama mmoja akasema, "Nitilie." Mji unaomfanya mgeni aseme hivyo bado haujawa mji wa mawe matupu.

Sasa itazameni sahani. Mchele umetoka Mbeya au Morogoro, ukapita katika soko la nafaka la Tandale. Maharage nayo yametoka nyanda za juu kusini. Samaki wamenunuliwa Feri kabla jua halijapanda. Dagaa, kama wapo, wamesafiri kutoka Mwanza au Kigoma. Nazi imetoka Mkuranga au Mafia. Ndizi zimeshushwa Mabibo, na mchicha umechumwa jana jioni katika mabonde ya mji huu huu. Wapo watu wanaokesha wakihubiri umoja wa taifa. Mama huyu huupika umoja huo kila siku, akaupakua, akauuza kwa shilingi elfu mbili, na pilipili hutoa bure. Kila mkulima na kila mvuvi tuliyemtaja ana senti yake katika sufuria lile. Ukilipiga teke sufuria la mama ntilie, umempiga teke na mkulima wa Kyela.

Na saa za kazi yake je? Mfanyakazi wa ofisi huanza saa moja na nusu asubuhi, akaona ameamka mapema. Mama ntilie huamka saa kumi usiku. Maharage yasiyowekwa motoni mapema hayatakuwa tayari mchana, nayo hayasikilizi udhuru. Lazima aende sokoni, achambue mchele, akune nazi, apare samaki, achote maji au ayanunue kwa dumu. Wote wakiisha kula, yeye ndiye huosha vyombo, akahesabu fedha, akatenga ya kesho, na kinachobaki ndicho ada ya shule, kodi ya chumba na dawa ya mtoto. Twawajua watu wenye digrii walioifikia kwa wali wa mama zao. Wengine wao leo hupita mbele ya mikokoteni ile vioo vya magari yao vimefungwa.

Tuseme kidogo habari za zamani, maana asiyejua alikotoka hawezi kujua alikofika. Mkoloni aliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na sisi Kariakoo na Ilala. Jina lenyewe la Kariakoo ni jina la jasho, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps. Katika hoteli za Uzunguni Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akabeba sinia la mwingine. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, na asiye na kazi ya kuandikwa aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Katika fikira za mkoloni mji ulikuwa wake, na Mwafrika alikuja kuufanyia kazi tu. Kazi ikiisha, aende zake. Lakini je, mtu huyo aliyekuja kufanya kazi alikula nini, na nani alimpikia? Swali hilo mkoloni hakulishughulikia. Alilishughulikia mwanamke wa Uswahilini, kwa jiko lake na sufuria lake.

Ndiyo sababu ilipofika mwaka 1955, na Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakwenda kuwatafuta katika ofisi, kwani huko hawakuwamo. Aliwaendea wanawake wa vikundi vya ngoma, naye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, akawaendea na wapika pombe. Hao ndio waliokuwa na fedha zao wenyewe mikononi, ijapokuwa kidogo, na kwa hiyo walikuwa na kauli yao wenyewe. Mwanamke anayepika na kuuza haombi ruhusa ya mtu kutoa senti zake za kadi. Kwa hiyo asije mtu leo akasema kwamba wachuuzi hawa ni uchafu uliomwagika kutoka mashamba na hawamo katika historia ya nchi. Walikuwamo katika historia hiyo tangu siku ambazo wengi walikuwa bado wanaogopa kuingia.

Uhuru ulipokuja ilitupasa kuiacha fikira ya mkoloni juu ya mji. Yatupasa tuseme kweli: hatukuiacha yote. Mwaka 1983, wakati wa shida kubwa ya uchumi, ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakamatwa mijini ili wapelekwe mashambani. Wengi katika hao walikuwa na kazi, ila kazi yao haikuwa na jina katika daftari la serikali. Baadaye upepo ukageuka. Mwezi wa Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza wafanyabiashara wadogo wapewe vitambulisho kwa shilingi 20,000, wasisumbuliwe, na wengi katika mama ntilie wakavivaa shingoni kwa fahari. Mwaka 2021 upepo ukageuka tena. Wamachinga wakatakiwa kuondoka kandokando ya barabara na kwenda mahali palipopangwa. Serikali ilisema jambo hilo lifanywe kwa utaratibu na bila kuonea watu, na neno hilo lilikuwa zuri. Lakini neno likitoka juu hushuka ngazi nyingi, na katika kila ngazi upole hupungua kidogo. Likifika chini huwa ni rungu.

Tutawaeleza tuliloliona kwa macho yetu. Mji hatuutaji wala ofisi hatuitaji, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Tulikuwa safarini, tukakaa kula kando ya njia. Wali ulikuwa mzuri, wa nazi, na maharage yalikuwa yameungwa yakaiva. Mara lori likasimama, vijana wakashuka. Hakuna aliyesema "hamjambo." Mmoja akalishika sufuria la maharage kwa matambara mawili, akalimwaga mtaroni. Mama hakulia wala hakutukana. Alimtazama yule kijana akamwambia, "Mwanangu, si jana umekula hapa hapa? Kijiko chako hata sijakiosha vizuri." Kijana akainamisha macho, lakini sufuria lilikuwa limekwisha kumwagwa. Mkokoteni ukapandishwa lorini pamoja na mabenchi.

Na sisi tuliokuwa tukila je? Wengine walikimbia na sahani mkononi. Wengine waliona hiyo ndiyo bahati yao ya kula bila kulipa. Sisi tulilipa, lakini tulinyamaza. Hatukuuliza amri iko wapi, wala hatukuuliza mkokoteni unapelekwa wapi na utarudishwa lini. Tulijifuta midomo tukaenda mkutanoni, na huko tukazungumza saa tatu juu ya maendeleo ya wananchi. Haya ya siku ile ndiyo yaliyotufanya tuandike leo.

Twajua majibu yatakayokuja, nasi tuyapokee moja moja, kwa kuwa mengine yana haki.

Wa kwanza atasema, "Wapewe eneo lao, waende huko." Ni kweli, eneo ni jambo jema. Lakini mwenye kupanga maeneo hayo atofautishe biashara na biashara. Viatu mtu huvifuata; chakula cha mchana humfuata mtu. Anayetaka viatu aweza kungoja Jumamosi, akapanda basi, akaenda sokoni. Mfanyakazi mwenye njaa ana saa moja tu. Hawezi kupanda gari kwenda kula wali wa shilingi elfu mbili, akalipa nauli kwenda na kurudi, akamkuta msimamizi amesimama mlangoni na saa mkononi. Ukimpeleka mama ntilie mbali na kazi za watu, umemnyima riziki yeye, na umemnyima kuli chakula chake. Ndiyo sababu baada ya mwaka 2021 wengi walionekana tena karibu na pale pale walipotolewa. Waliita hilo ukaidi. Sisi twaona ni hesabu ya kawaida: waliwafuata walaji wao.

Wa pili atasema, "Ni wachafu, wataleta magonjwa." Hapa hatutatetea lisiloteteka. Twakumbuka mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam na kuenea mikoani, na watu wakafa. Kipindupindu huingia kwa maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo, wala hakichagui kati ya chakula cha maskini na cha tajiri. Lakini na tuulize: mahali asimamapo mama ntilie pana bomba? Pana choo? Pana mfereji wa kupitisha maji machafu? Bwana Afya akimkuta mama anaosha sahani hamsini katika beseni moja, ni haki yake kumkanya. Lakini kama bomba lililo karibu liko mwendo wa robo saa, akanye na waliopanga mji. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona ndoo zenye koki na sabuni zimewekwa mbele ya karibu kila jiko la mtaani, na wala wakanawa kwa maji yanayotiririka kabla ya kukaa. Hakuna aliyewapiga. Walielezwa wakafahamu. Basi jambo linawezekana.

Wa tatu atasema, "Hawalipi kodi." Mama anaponunua sabuni na masufuria, kodi imo ndani ya bei. Alikilipia na kitambulisho. Sokoni analipa ushuru. Na mkulima, na mwenye lori, na kijana asukumaye mkokoteni, wote wanaishi kwa mzunguko wa fedha yake. Akitaka kulipa zaidi kwa utaratibu unaoeleweka, apewe risiti na apewe mahali, maana mtu hulipia chumba alicho na hakika ya kulala humo kesho.

Wa nne atasema habari za mkaa, na huyu naye ana neno. Misitu yetu inakwisha, na moshi ule huwaingia kwanza mama zetu wenyewe vifuani. Serikali ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Twaunga mkono. Lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo, na gesi hununuliwa kwa mtungi, kwa fedha ya juma zima. Anayepata mtaji wake siku kwa siku hana fedha ya juma zima. Kama twataka jiko la mtaani liache mkaa, tumsaidie kuushika mtungi wa kwanza na kuujaza wa pili, kisha ndipo tumkataze.

Tumefika kwenye fedha, na hapa twataka kumkanya mla kabla ya kumkanya mtawala.

Mama wetu wa Kariakoo ana daftari la madeni, la karatasi za mistari, jalada lake limeingia mafuta. Tuliwahi kumwomba tulitazame, tukalirudisha upesi, maana tulikuta majina tunayoyajua, na jina la mmoja wetu lilikuwamo. Deni la sahani moja ni dogo kwa mwenye mshahara, naye hulisahau. Lakini fanyeni hesabu. Wakila watu kumi kwa deni kila siku, kwa shilingi elfu mbili, ni elfu ishirini kwa siku. Kwa siku sita za kazi ni 120,000. Hiyo si faida ya mama. Hiyo ni mchele wa juma lijalo.

Mchele huo asipokuwa nao, huenda wapi? Huenda kwa wakopeshaji ambao mtaa wenyewe umewapa jina: kausha damu. Hupewa fedha asubuhi bila maneno mengi, akatakiwa kurejesha kila siku pamoja na riba nzito. Akikosa siku mbili, huja kuchukuliwa kitanda, televisheni, hata masufuria aliyotumainia kupatia fedha ya kulipa. Ndugu zetu, kila mla asiyelipa deni lake humsukuma mama huyo hatua moja kuelekea mlango wa kausha damu. Twawalaumu wakubwa kwa unyonyaji, nasi tumebeba unyonyaji mdogo mdogo katika mifuko ya mashati yetu. Yule mwenzetu ambaye jina lake lilikuwa katika daftari amekwisha kulipa. Alilipa kwa aibu, lakini alilipa.

Ipo dawa iliyo halali. Sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, na mwaka 2024 ikaanza tena kwa utaratibu mpya. Basi fedha ya mama ntilie ipo, na ina jina lake katika sheria. Lakini mama aamkaye saa kumi usiku na kulala saa nne hana siku ya kuzungukia ofisi tano kutafuta sahihi tano. Hapo ndipo tawi la chama lilipo na kazi. Kama tawi halina kazi ya namna hiyo, basi lina bendera tu.

Kwa hiyo twayataka mambo yafuatayo, nasi twayasema wazi.

Kwanza, wapangao miji waweke mahali pa wapishi pale pale penye kazi: karibu na bandari, karibu na stendi, karibu na hospitali, karibu na kila jengo kubwa linalojengwa. Mahali hapo pawe na paa, bomba, mfereji na pipa la takataka. Wanaochora maegesho ya magari mia hawawezi kushindwa kuchora mabenchi kumi.

Pili, mtu akitakiwa kuhama, aambiwe mapema, kwa maandishi, na aonyeshwe anakohamia kabla ya kuhamishwa. Chakula cha watu kisimwagwe kamwe. Nchi iliyowahi kupanga foleni ya unga haina haki ya kumwaga maharage mtaroni.

Tatu, matawi ya chama yawasaidie mama ntilie kuunda vikundi, kuandika maombi yao na kuyafuatilia mpaka mwisho.

Nne, na hili twajiambia wenyewe: mikutano yetu na semina zetu zilishe watu kwa chakula cha wapishi wa mtaa. Ni aibu kukaa ukumbini tukisifu wanyonge, huku tunaagiza vyakula katika vifuko kutoka hoteli kubwa, na nje ya geti mama amefunika sufuria lake akingoja mteja.

Na mama ntilie wenyewe wasidhani kwamba tumewasahau katika wajibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chemsheni maji. Funikeni chakula, inzi wasitangulie kula. Sahani zioshwe kwa maji zaidi ya beseni moja. Acheni njia ya mpita kwa miguu, ya kipofu na ya mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kwani nao wana haki katika mji huu. Zoeni takataka zenu kabla ya kuondoka, ili asubuhi mtu asiwe na neno la kusema. Mtu anayedai mahali pake hulifagia kwanza lile analosimama.

Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nasi twaongeza, wala usitukane wapishi na njaa ingalipo, maana kesho saa saba itafika. Itamfikia kuli bandarini, itamfikia karani ofisini, itamfikia na yule kijana wa lori. Wote watashika njia wakitafuta moshi unatoka wapi. Itakuwa vizuri wamkute mama amesimama mahali pake, penye paa na bomba, na karatasi ya ruhusa imebandikwa juu ya mkokoteni, ili wakisema, "Mama, nitilie," wamtazame usoni bila kuona haya.

Sisi kesho tutakuwapo. Na tutalipa taslimu.